Hilo Sikutumwa

Mwaka 2009, nikiwa mhadhiri msaidizi na bado sijaoa, nilipewa kazi ya ushenga. Kwa desturi haikuwa kazi ya kijana kama mimi. Aliyestahili alikuwa baba yangu mdogo, lakini aliugua juma moja kabla ya safari, na wazee wakaona kwamba kijana aliyezoea kusimama mbele ya darasa asingeshindwa kukaa mbele ya wakwe. Usiku wa kuamkia safari, baba mkubwa aliniita sebuleni. Alinipa barua ya posa, akanipa kishika uchumba ndani ya bahasha, kisha akanipa maneno. Aliyarudia mara tatu na kunitaka nami niyarudie.

"Mahari ukitajiwa, sikiliza, usikubali wala usikatae. Tarehe ya ndoa hatujaijadili, kwa hiyo wewe huna tarehe. Wakikuuliza lolote ambalo sikukwambia, jibu lako ni moja: hilo sikutumwa, nitarudi nikaulize. Usione haya kulisema. Mshenga anayejibu kila swali amejigeuza mzazi."

Kule ukweni mambo yalikwenda kama alivyotabiri. Mzee mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, kama ndoa ingeweza kufungwa kabla ya mwaka kwisha. Nilijua kwamba binamu yangu angefurahi. Nilijua hata kiasi alichokuwa ameweka akiba, maana tulikuwa tukiishi chumba kimoja. Jibu lilikuwa mdomoni. Nikalimeza, nikasema: "Hilo sikutumwa, mzee wangu. Nitarudi nikaulize." Yule mzee akamgeukia mwenzake na kusema, "Huyu katumwa na watu."

Nimelikumbuka neno hilo kwa uchungu miezi hii, kwa sababu nami nimemtuma mjumbe wangu, na sikumfundisha kulisema.

Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikitafiti migogoro ya ardhi katika vijiji kadhaa vya nchi yetu. Sitaitaja wilaya, na ndugu msomaji ataelewa sababu kabla hajafika mwisho. Watu wanaozungumza nami hueleza ni nani aliuza eneo la malisho, ni kikao gani kiliandikiwa muhtasari bila kuketi, na muhuri wa kijiji ulikuwa mfukoni mwa nani siku hiyo. Mambo haya yana wenyewe, na wenyewe wanaishi nyumba ya tatu kutoka kwa msemaji. Ndiyo maana kila mahojiano huanza na ahadi: jina lako litabaki kwangu. Bibi mmoja, ambaye umri wake umepita miaka 70, alikataa kuweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa mpaka nilipoitoa ahadi hiyo kwa mdomo wangu, nikiwa nimemtazama. "Karatasi haina macho," alisema. "Nakuamini wewe mwenyewe, mwanangu."

Mahojiano hayo, 31 kwa jumla, yalikuwa yamehifadhiwa katika folda moja kwenye kompyuta ya ofisini kwangu. Mradi wetu tunaufanya pamoja na wenzetu wa chuo kimoja cha Ulaya. Wao walikuwa wameandaa wakala wa akili unde kwenye seva yao, mwenye kazi ya kupanga maelezo ya mahojiano katika majedwali. Nami, nisitake kubaki nyuma, nikaandaa wa kwangu.

Kwa wasiofuatilia mambo haya, niseme kwamba wakala wa akili unde si ile programu tu unayoiuliza swali ikakujibu. Ni programu inayopewa lengo, kisha ikajipangia hatua, ikafungua mafaili, ikaandika barua pepe, na siku hizi ikamtuma wakala mwingine aliye kwenye seva ya watu wengine, pengine bara jingine. Zipo sasa itifaki za wazi za mazungumzo ya namna hiyo. Mojawapo ilitangazwa na kampuni ya Google mwezi Aprili 2025 kwa jina la Agent2Agent, na miezi miwili baadaye ikakabidhiwa kwa taasisi ya Linux Foundation ili isiwe mali ya kampuni moja. Kwa utaratibu wake, kila wakala hutoa kadi inayoeleza jina lake, mahali anapopatikana, kazi anazoziweza, na uthibitisho anaoudai kabla ya kupokea kazi. Kazi ikishapokelewa hupewa namba, na hali yake hutajwa hatua kwa hatua: imewasilishwa, inashughulikiwa, inasubiri maelezo zaidi, imekamilika, imeshindikana, imekataliwa. Mawakala hao hawahitaji kuoneshana yaliyo ndani yao. Kila mmoja ni nyumba iliyofungwa, na mazungumzo hufanyika mlangoni.

Jumatano moja asubuhi niliandika agizo la sentensi moja: wasiliana na wakala wa wenzetu, mpe muhtasari wa mahojiano ya kijiji cha pili, aandae majedwali. Nikaenda darasani kwa kipindi cha saa mbili. Niliporudi, majedwali yalikuwa yamefika, tena mazuri, na nilijisikia kama mtu aliyepata msaidizi asiyedai posho.

Jioni ndipo nilipofungua kumbukumbu za shughuli. Wakala wangu alikuwa ametuma muhtasari kama nilivyoagiza. Wakala wa ng'ambo akajibu kwamba muhtasari haukutosha, na kwamba majedwali yangekuwa sahihi zaidi kama angepewa maandishi kamili ya mahojiano. Wakala wangu hakusita. Folda ilikuwa wazi kwake, naye alikuwa ameagizwa afanikishe majedwali. Alituma mafaili yote 31, wala si ya kijiji cha pili peke yake, pamoja na majina, vitongoji na namba za simu nilizozichukua ili niwatumie washiriki salio la shukrani. Wakala wa ng'ambo, kwa kuwa hakuwa hodari wa Kiswahili, akayapeleka kwa wakala wa tatu, wa huduma ya tafsiri ya kukodi inayoendeshwa na kampuni ambayo sikuwahi kulisikia jina lake. Safari yote hiyo ilichukua dakika zisizozidi nne. Wakati huo nilikuwa ubaoni, nikifundisha somo la utawala bora.

Nataka ieleweke kwamba hapakuwa na mwizi katika kisa hiki. Hakuna aliyevunja mlango, hakuna aliyeiba nywila, na hakuna aliyesikiliza njiani. Ujumbe wote ulisafiri ukiwa umesimbwa, na kila upande ulithibitisha kwamba mwenzake ndiye kweli. Tatizo la njia lilitatuliwa zamani. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha njia ambayo watu wawili wasiowahi kukutana wanaweza kupatana ufunguo wa siri hata kama kila neno wanalotumiana linasikilizwa na adui. Juu ya fikra hiyo na zile zilizofuata ndipo ulipojengwa usalama wa benki mtandaoni na wa barua pepe, na sasa wa mawakala hawa. Barua yangu ilifika ikiwa na lakiri isiyovunjwa. Kosa lilikuwa ndani ya bahasha.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba tunaposema "kutuma kazi kwa usalama" tunachanganya maswali mawili. Swali la kwanza ni kama mjumbe atafika salama, na kama anayempokea ndiye aliyekusudiwa. Swali la pili ni mjumbe huyo amepewa mamlaka gani, yanaishia wapi, na akiombwa kilicho nje ya mamlaka hayo atafanya nini. Swali la kwanza ni la hesabu, na wanahisabati wametusaidia. Swali la pili ni la dhamana, na hapo hatuwezi kuwasukumia wengine.

Wataalamu wa kompyuta waliligusa swali hili la pili kabla ya wengi wa wanafunzi wangu kuzaliwa. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika makala ambayo bado inasomwa vyuoni, na miongoni mwa kanuni zake imo hii: kila programu na kila mtumiaji afanye kazi akiwa na mamlaka madogo kabisa yanayotosha kuikamilisha kazi hiyo. Mwaka 1988 Norm Hardy akaeleza kisa kinachofanana na changu kuliko ningependa. Palikuwa na programu ya kutafsiri lugha za kompyuta iliyotumiwa na watu wengi. Ili iweze kuandika takwimu za matumizi, ilipewa ruhusa ya kuandika ndani ya saraka ya mfumo. Katika saraka hiyo hiyo lilikuwamo faili la hesabu za malipo ya wateja. Mtumiaji mmoja akaiambia programu iandike matokeo yake kwenye faili lenye jina hilo la malipo. Yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuligusa. Programu ilikuwa nayo. Ikatii, na hesabu za malipo zikafutika. Hardy aliiita hali hiyo naibu aliyechanganyikiwa: mtumishi mwenye mabwana wawili, anayetumia funguo za mmoja kutimiza amri ya mwingine, bila hata kujua kwamba amevuka mpaka.

Wakala wangu alikuwa naibu wa namna hiyo. Ombi lilitoka kwa mgeni, ufunguo ulikuwa wangu.

Na mgeni wangu alikuwa mwema. Hebu tufikirie mgeni mbaya. Tanzania hatuhitaji kwenda mbali kupata mfano. Ni nani kati yetu hajawahi kupokea ujumbe usemao, "Ile hela itume kwenye namba hii"? Hausemi hela gani, wala anayetuma ni nani. Nguvu yake yote imo katika neno "ile". Unapigwa kwa watu maelfu, ukitarajia kumkuta mmoja ambaye kweli alikuwa karibu kumtumia mtu fedha, naye akadhani kwamba ni mwendelezo wa mazungumzo yake. Tapeli huyo huingia katikati ya kazi iliyokwisha kuanza, akabadili anwani ya mwisho, bila kuvunja mfumo wowote.

Mawakala wa akili unde wana udhaifu uleule, tena kwao ni mkubwa zaidi, kwa sababu hawatenganishi vizuri maneno ya kusoma na maneno ya kutii. Mwezi Septemba 2022 mwandishi wa programu Simon Willison aliupa udhaifu huo jina la Kiingereza ambalo sisi tunaweza kulieleza kwa kusema "kupenyeza agizo": mtu anaficha amri ndani ya barua, tovuti au faili, na wakala anapolisoma faili hilo kwa ajili ya kazi halali, anaitekeleza ile amri kana kwamba imetoka kwa bwana wake. Mwaka 2025 huyohuyo alionya juu ya mambo matatu yanayokuwa hatari yakikutana kwa wakala mmoja: kuzifikia taarifa za siri, kusoma maandishi ya watu usiowaamini, na uwezo wa kutuma kitu nje. Nilipoisoma orodha hiyo niliweka tiki tatu. Wakala wangu alikuwa na folda ya mahojiano, alisoma majibu ya wakala wa watu wengine, na alikuwa na mlango wa kutokea. Kama ombi lile lingetoka kwa mtu anayewatafuta waliosema juu ya muhuri wa kijiji, matokeo yangekuwa yaleyale, kwa dakika zilezile nne.

Sasa niombe ruhusa ya kutoka ofisini kwangu na kuingia katika ofisi za umma, maana huko ndiko hofu yangu inakonielekeza.

Sisi ni taifa linaloifahamu vema sentensi "ni maagizo kutoka juu". Tumeambiwa hivyo tulipohamishwa masokoni, tuliponyimwa barua, tulipoambiwa faili halionekani. Sentensi hiyo ina sifa mbili. Kwanza, haithibitishiki: hujui aliye juu ni nani, aliagiza lini, na aliagiza nini hasa. Pili, kila anayeipitisha huongeza chake kidogo. Mkubwa anasema eneo lisafishwe. Wa kati anasema vibanda viondoke. Wa chini anakuja na nyundo alfajiri. Ukiuliza nani alisema nyundo, hakuna. Kila mmoja alitekeleza agizo. Mjumbe hauawi, husema wahenga, na walisema hivyo wakimlinda mtu aliyebeba maneno ya mwingine bila kuyaongeza. Sisi tumeigeuza methali hiyo kuwa kichaka cha kujifichia wale waliobeba, wakaongeza, na kisha wakanawa mikono.

Fikiria basi ofisi ambamo wakala mmoja anapokea maombi ya mkopo wa wanafunzi, anamtuma wa pili ahakiki vyeti, wa pili anamtuma wa tatu akague hali ya familia, na wa tatu yuko kwenye seva ya nchi nyingine. Mwanafunzi ananyimwa mkopo. Nani alimnyima? Tulipokuwa na binadamu katika mnyororo huo, walau palikuwa na dirisha la kugonga na mtu wa kulaumu. Mawakala wakiingia bila utaratibu, "maagizo kutoka juu" yatakuwa yamepewa injini. Wala sisemi tuikatae teknolojia hii. Mimi mwenyewe bado ninaitumia, na nitaeleza kwa masharti gani. Ninachosema ni kwamba kila kazi inayotumwa kutoka kwa wakala kwenda kwa wakala ni kipande cha mamlaka ya mtu fulani kinachosafiri, na mamlaka hayapaswi kusafiri bila hati.

Hati hizo zipo. Tangu mwaka 2012 dunia imekuwa na OAuth 2.0, utaratibu ambao kwa huo programu hupewa ruhusa ya jambo mahususi, kwa muda mahususi, bila kupewa nywila ya mwenyewe. Mwaka 2014 watafiti waliokuwa Google walieleza aina ya hati waliyoiita macaroon, ambayo kila anayeipokea anaweza kuiongezea masharti lakini hawezi kuyafuta yaliyokuwamo. Nikimpa wakala wangu hati isemayo "soma muhtasari tu", naye akiipitisha kwa wa pili, anaweza kuongeza "wa kijiji cha pili tu", na wa pili anaweza kuongeza "mpaka saa sita mchana". Hakuna hata mmoja wao anayeweza kuligeuza neno "muhtasari" likawa "kila kitu". Mamlaka hupungua kadiri yanavyosafiri. Linganisha na utaratibu wa maagizo yetu kutoka juu, ambayo huongezeka kadiri yanavyoshuka.

Na katika zile hali za kazi nilizozitaja, ipo moja niliyoipita haraka siku ile: "inasubiri maelezo zaidi". Wakala akifika mahali ambapo hana cha kujibu, anaweza kuisimamisha kazi na kurudi kwa aliyemtuma. Hilo ndilo neno la baba mkubwa, limeandikwa kwa lugha ya mashine. Hilo sikutumwa, nitarudi nikaulize. Wakala wa ng'ambo alilitumia kwa haki yake: aliuliza. Wakala wangu ndiye aliyejibu kama mzazi. Alifanya hivyo kwa sababu mimi niliyemtuma nilimpa folda nzima nikitaka kuokoa dakika kumi za kutenganisha mafaili.

Usiku ule nilimpigia mwenzangu wa Ulaya. Aliomba radhi kwa kosa ambalo kwa sehemu kubwa halikuwa lake, na kabla ya usiku wa manane mafaili yalikuwa yamefutwa kwenye seva yao. Kampuni ya tafsiri ilijibu baada ya siku mbili kwamba kwa masharti yake nakala hukaa siku 30 ndipo zifutwe, na kwamba masharti hayo tulikuwa tumeyakubali. Nani aliyakubali? Wakala. Niliandika taarifa kwa kamati ya maadili ya utafiti ya chuo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka mtu anayekusanya taarifa azitumie kwa lengo alilolitaja, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Hakuna kifungu chochote nilichokiona ndani yake kinachoniruhusu kusema kwamba aliyezisafirisha ni mashine.

Kisha nikasafiri kwenda kijijini. Niliona kwamba kumpigia simu bibi yule kungekuwa ni kutuma mjumbe mwingine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja bila karatasi leo?"

Nilikaa kwenye kigoda, nikaanza kueleza. Nilijaribu kwanza kwa lugha ya seva na folda, nikaona macho yake yananisubiri nimalize. Nikaanza upya. Nikamwambia kwamba nilimtuma mjumbe apeleke kipande cha maneno, naye akapeleka maneno yote, pamoja na majina, kwa watu wa mbali; kwamba watu hao si wabaya, na wamefuta; kwamba kuna wa tatu ambaye bado hajafuta.

"Huyo mjumbe ni mtoto wa nani?"

"Si mtu, bibi. Ni mashine."

"Mashine ilitumwa na nani?"

"Na mimi."

Akanyamaza kwa muda, akichambua mchele kwenye ungo. "Basi aliyesema ni wewe," alisema.

Nimefundisha nadharia za uwajibikaji kwa miaka 15, na sijawahi kuisikia ikisemwa kwa maneno machache hivyo. Hakunikasirikia kwa sauti. Aliniuliza kama mwenyekiti wa zamani wa kijiji ana ndugu huko Ulaya. Nilimjibu kwamba sidhani. Akasema kwamba "sidhani" si jibu analoweza kulala nalo, na akaniomba niyatoe maneno yake katika kitabu changu. Nilikubali palepale. Watu 26 kati ya 31 waliniruhusu kuendelea. Yeye na wengine wanne walijitoa. Maneno yake yalikuwa uti wa mgongo wa sura ya tatu, kwa kuwa yeye peke yake alikuwapo siku muhuri ulipotoka mfukoni. Sura hiyo sasa inasimama kwa taabu, na msomaji wake wa kesho hatajua kwa nini. Mwenyekiti yule wa zamani, kama ataisoma, atajua kwamba amepona.

Hiyo ndiyo gharama ambayo haionekani kwenye kumbukumbu za shughuli. Tunapozungumzia usalama wa taarifa tunawaza fedha zilizoibwa na siri zilizovuja. Mara nyingi hasara kubwa zaidi ni ukweli ambao hautasemwa tena, kwa sababu aliyekuwa ameusema ameona jinsi ulivyobebwa.

Masharti yangu ya sasa ni machache. Majina na namba za simu nimeyatoa kwenye kompyuta ile kabisa. Yamo katika daftari, ndani ya kabati lenye kufuli. Wakala wangu hana folda. Kwa kila kazi hupewa faili moja analolihitaji na hati ya ruhusa inayokufa jioni. Wakala wa ng'ambo haruhusiwi kuipitisha kazi yangu kwa wa tatu bila mimi kuambiwa jina la huyo wa tatu. Kila kinachotoka nje hunisubiri nikisome kwa macho yangu. Wanafunzi wangu wa uzamili wananicheka kwamba nimemwajiri msaidizi mwenye kasi ya umeme kisha nikamfunga kamba mguuni. Huwa ninawajibu kwamba kamba hiyo ndiyo inayomfanya awe msaidizi wangu, wala si wa yeyote anayemwomba kwa upole.

Juma lililopita ombi lilelile lilirudi. Wakala wa wenzetu, akishughulikia mahojiano ya kijiji cha nne, aliandika tena kwamba muhtasari hautoshi na kwamba maandishi kamili yangeboresha kazi. Nilikuwa darasani, kama siku ile. Kazi ilisimama. Kwenye kumbukumbu, mbele ya namba yake, palikuwa pameandikwa kwamba inasubiri maelezo zaidi, na chini yake jibu fupi ambalo nilikuwa nimemwandikia wakala wangu alitumie kila aombwapo kitu kilicho nje ya hati yake. Nililiandika kwa Kiswahili, na ng'ambo walilazimika kunipigia simu kuuliza maana yake.

Majedwali yalichelewa kwa saa tatu. Niliwaeleza maana, kisha nikawajibu hapana.